Simu ya mkononi wadini: Hatua moja nyuma yaweza kuokoa maisha

SIMU ya mkononi imekuwa sehemu ya safari ya mgonjwa anayetoka Kibirichia kwenda hospitalini. Jamaa huitumia kumwita mwenye gari usiku wa manane, kuwajulisha watu wa nyumbani hali ilivyo, kuomba mchango wa ukoo na kulipa gharama kupitia M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007.

Hata hivyo, simu iyo hiyo iliyomfikisha mgonjwa wadini yaweza kuvuruga mtambo unaomweka hai. Ndiyo maana mlango wa wadi nyingi, si za Meru pekee bali za Kenya nzima, huwa na tangazo linaloagiza wageni wazime simu. Wapo wanaotii na wapo wanaoificha mfukoni ikiwa imewaka. Wengi wa makundi yote mawili hawajawahi kuelezwa sababu ya agizo hilo, na agizo lisiloelezwa halidumu.

Suala hili lina uzito zaidi leo kuliko miaka ya nyuma. Zamani mgonjwa wa Kibirichia, eneo la wakulima wa viazi katika eneobunge la Buuri kwenye miteremko ya Mlima Kenya, aliyehitaji mitambo ya hali ya juu hakuwa na budi kusafirishwa hadi Nairobi. Mnamo 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, angalau mbili katika kila kaunti. Mpango huo ulifikisha mashinani mashine za kusafisha figo, vifaa vya vyumba vya upasuaji na vya kuwahudumia wagonjwa mahututi. Janga la Covid-19 lililozuka 2020 nalo liliongeza mashine za oksijeni. Kwa maneno mengine, mitambo inayoweza kuvurugwa na simu imesogea karibu na mwananchi, wakati ambapo laini za simu zinazotumika nchini zimepita milioni 60.

Simu huvurugaje mtambo?

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayopokea na kutuma mawimbi. Mawimbi hayo yakipita karibu na kifaa chochote cha umeme, nyaya za kifaa hicho huweza kuyanasa kama erio inavyonasa matangazo. Kifaa kikishindwa kutofautisha mawimbi hayo na ishara zake halisi, huonyesha tarakimu zisizo sahihi, hulia bila sababu au huacha kufanya kazi.

Kila aliyewahi kuweka simu kando ya redio ya nyumbani analijua jambo hili, hata kama halijui kwa jina. Sekunde chache kabla ya simu kuita, spika ya redio hutoa mlio wa kukatakata. Mlio huo hutokana na simu za mfumo wa 2G, ambazo hutuma mawimbi kwa mapigo mafupi yapatayo 217 kwa sekunde. Ikiwa mapigo hayo yanaweza kusikika ndani ya redio, yanaweza pia kuingia katika kifaa kinachopima mapigo ya moyo.

Nguvu ya simu si moja wakati wote. Simu ya 2G inayotumia masafa ya megahezi 900 huweza kufikia wati 2 katika kilele cha mapigo yake. Simu ya 3G hufikia takriban robo ya wati moja, na ya 4G takriban wati 0.2. Hii ina maana kwamba simu ndogo za bei nafuu, zile zinazojulikana kama kabambe au mulika mwizi, zaweza kuwa na mapigo makali zaidi kuliko simu za kisasa za bei ghali. Mtu asidhani kwamba simu yake ni salama kwa kuwa ni ndogo.

Aidha, simu hupandisha au kushusha nguvu zake kulingana na umbali wa mnara wa mawasiliano. Penye mtandao imara hunong'ona. Penye mtandao hafifu hupaza sauti. Katika nchi ya milima na mabonde kama Meru, Tharaka-Nithi na Embu, ambako mgongo wa kilima huweza kuziba mawimbi ya mnara, simu inayoonyesha kijistari kimoja cha mtandao ndiyo inayotumia nguvu nyingi. Kuta nene za jengo huleta matokeo hayo hayo.

Jambo jingine lisilofahamika na wengi ni kwamba simu haitumi mawimbi wakati wa mazungumzo pekee. Ikiwa imewaka, hata bila kuguswa, hujitambulisha kwa mnara mara kwa mara, hupokea ujumbe na kutafuta mtandao ikiupoteza. Kuinyamazisha mlio si kuizima.

Utafiti wasema nini?

Hofu kuhusu simu hospitalini ilipata msingi wa kisayansi katika miaka ya 1990. Mnamo 1997 asasi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia vifaa vya matibabu ilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali kadhaa. Simu za mkononi zilipowekwa umbali wa mita moja, asilimia 4 ya vifaa viliathirika. Redio za mawasiliano zinazobebwa na walinzi na wahudumu wa dharura zilikuwa mbaya zaidi: ziliathiri zaidi ya thuluthi moja ya vifaa katika umbali huo huo. Baadaye mamlaka za Uingereza zilishauri kwamba hakuna haja ya kupiga marufuku simu katika hospitali nzima.

Mwaka 2007 tafiti mbili zilitoa matokeo yanayoonekana kupingana. Nchini Marekani, wataalamu wa Mayo Clinic walifanya majaribio 300 katika vyumba 75 vya wagonjwa vilivyokuwa na vifaa 192. Simu zilitumika kama kawaida, kupiga na kupokea. Hakuna kifaa hata kimoja kilichovurugika kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa.

Nchini Uholanzi, watafiti wa Amsterdam walijaribu vifaa 61 vinavyotumika katika chumba cha wagonjwa mahututi, bila kuviunganisha na mgonjwa. Wao walisogeza mawimbi ya simu hadi karibu kabisa na kila kifaa. Vifaa 26 viliathirika, na matukio 48 yalirekodiwa. Matukio 16 yalihesabiwa kuwa ya hatari. Mashine ya kupumulia ilijizima na kujiwasha upya. Pampu za kudunga dawa zilisimama bila kutoa king'ora cha kumwonya muuguzi. Kifaa cha nje cha kuendesha mapigo ya moyo nacho kilipiga isivyostahili.

Ni nani wa kuaminiwa? Wote wawili, kwani tofauti yao ni umbali. Katika majaribio ya Amsterdam, umbali wa kati ambao matukio yalitokea ulikuwa sentimita 3 tu, ingawa machache yalitokea mbali zaidi. Mgeni anayezungumza akiwa amesimama karibu na dirisha si sawa na mgeni anayeweka simu juu ya pampu ya dawa huku akimlisha mgonjwa uji.

Kanuni ya mita moja

Kutokana na tafiti hizo, kanuni iliyokubaliwa na wataalamu wengi ni rahisi kukumbuka: simu iliyowaka isikaribie kifaa cha matibabu kwa umbali unaopungua mita moja. Mita moja ni hatua moja ndefu ya mtu mzima.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Mawimbi husambaa yanapoenda mbali, kama mwanga wa taa unavyofifia. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Ukiongezeka mara kumi, kutoka sentimita 10 hadi mita moja, nguvu inayofika hubaki takriban moja kwa mia. Hatua moja nyuma hufanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote la ukutani.

Viwango vya kimataifa vya kutengeneza vifaa vya matibabu pia vimeimarishwa. Toleo la 2014 la kiwango kinachohusu jambo hili liliwataka watengenezaji wavijaribu vifaa vyao dhidi ya mawimbi ya simu zilizo karibu, kwa kuzingatia umbali wa sentimita 30. Hata hivyo, hospitali nyingi za umma hutumia vifaa vya umri tofauti, vingine vya msaada na vingine vilivyotumika kwingine kwanza. Mgeni hawezi kujua kwa kutazama tu ni kipi cha kale na ni kipi kipya. Kwa hivyo kanuni ya mita moja ibaki pale pale.

Yapo maeneo ambamo hata mita moja haitoshi, na simu inapaswa kuzimwa kabisa kabla ya kuvuka kizingiti: chumba cha upasuaji, chumba cha wagonjwa mahututi na mahali pa kuwatunzia watoto njiti. Humo vifaa vimesongamana kiasi kwamba kuondokea kimoja ni kukikaribia kingine. Simu izimwe nje ya mlango, wala si ndani, kwa kuwa simu nyingi hutuma ishara ya mwisho kwa mnara zinapozimwa na nyingine zinapowashwa.

Kuna hali moja inayohitaji busara zaidi. Umeme ukipotea usiku, wahudumu katika zahanati za mashambani huweza kulazimika kumulika kwa tochi ya simu, hata mama anapojifungua. Haitakuwa haki kumlaumu mkunga asiye na taa nyingine. Simu iwekwe kwanza katika hali ya ndegeni, ambayo hukata mawasiliano na mnara na kuiacha tochi ikifanya kazi. Simu nyingi zina mpangilio huo.

Wenye vifaa ndani ya mwili

Wagonjwa ambao moyo wao hupiga polepole kupita kiasi huweza kuwekewa kifaa cha kuongoza mapigo chini ya ngozi, aghalabu upande wa kushoto chini ya mtulinga. Hawa huishi na mtambo wao saa zote, na simu yao wenyewe ndiyo iliyo karibu zaidi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliwahusisha wagonjwa 980 na majaribio 5,533. Mwingiliano wa aina yoyote ulionekana katika asilimia 20 ya majaribio, na ule wenye uzito wa kimatibabu katika asilimia 6.6. Lakini simu iliposhikwa sikioni kama kawaida, hakuna mwingiliano wowote wa hatari uliotokea. Hatari ilikuwepo pale simu ilipowekwa juu ya kifaa chenyewe.

Tangu hapo vifaa hivyo vimewekewa kinga bora zaidi. Hata hivyo, tishio jipya limezuka, nalo ni sumaku. Baadhi ya simu zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020 zina sumaku kali ya kushikilia chaja isiyotumia waya. Kifaa cha moyo hutengenezwa kwa namna ya kuitikia sumaku ili daktari aweze kukibadilisha hali anapokipima. Sumaku ya simu inaweza kukipa amri hiyo hiyo pasipo daktari. Mnamo Mei 2021 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu ilishauri kwamba simu na saa zenye sumaku kali ziwekwe umbali usiopungua sentimita 15 kutoka kwa kifaa kilichopandikizwa mwilini. Kuzima simu hakusaidii hapa, kwani sumaku haizimwi.

Ushauri huu unagusa desturi za kila siku. Wanaume hupenda kuweka simu katika mfuko wa shati, juu ya moyo. Wanawake wengi, hasa sokoni, huhifadhi simu pamoja na noti kifuani ndani ya nguo. Kwa mwenye kifaa cha moyo, mahali hapo pawili ni pa kuepukwa. Simu iwekwe katika mkoba au mfuko wa suruali, na izungumziwe kwa sikio la upande ulio mbali na kifaa.

Wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia nao huweza kusikia mvumo simu inapokaribia sikio. Mvumo huo ni kero na haudhuru mwili. Kubadilisha sikio, kutumia kipaza sauti cha simu au kuchagua simu iliyotengenezwa ilingane na vifaa hivyo hupunguza tatizo.

Sumaku kubwa, soketi na chaja

Mtambo wa kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, MRI, una kanuni yake. Sumaku yake hubaki na nguvu hata wakati hakuna mgonjwa anayepigwa picha, na huweza kunyakua vitu vya chuma kwa kasi ya kutisha. Simu, iwe imewaka au imezimwa, isiingizwe katika chumba hicho. Pamoja nayo yaachwe nje funguo, sarafu na saa. Mwenye kifaa cha moyo sharti amwarifu mhudumu kabla ya kusogea mlangoni.

Lakini katika wadi ya kawaida, hatari iliyo karibu zaidi huenda isiwe mawimbi wala sumaku, bali soketi. Betri ya simu ikiisha, mgeni hutafuta mahali pa kuchaji, na soketi iliyo karibu huwa nyuma ya kitanda. Anayechomoa waya asioujua huweza kuwa anazima mashine ya oksijeni, pampu ya dawa au joto la mtoto njiti. Baadhi ya mashine hizo zina betri ya akiba inayodumu kwa muda mfupi, na nyingine hazina kabisa. Mashine ya kuzalisha oksijeni iliyochomolewa huacha kuzalisha papo hapo.

Kwa sababu hiyo, mgeni asichomoe wala asichomeke kitu chochote karibu na mgonjwa bila idhini ya muuguzi. Hospitali nayo ingefanya vyema kutenga mahali pa kuchajia simu kwenye sebule ya wageni. Mtu aliyetoka Kibirichia kumuuguza jamaa kwa siku tatu atachaji simu yake tu, na asipoonyeshwa mahali salama atajitafutia mwenyewe.

Mahali penye oksijeni pana onyo la ziada. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huchochea moto. Cheche ndogo ya chaja mbovu, ambayo kwingine ingezimika yenyewe, huweza kuwasha shuka na godoro. Simu isichajiwe kitandani kwa mgonjwa anayepumulia oksijeni, wala isilaliwe chini ya mto.

Chaja na simu ghushi huzidisha hatari, kwani hakuna anayejua kama zilipimwa nguvu za mawimbi au usalama wa umeme. Mwishoni mwa Septemba 2012, tume iliyosimamia mawasiliano nchini iliamuru kampuni za simu kuzifungia simu ghushi, na karibu simu milioni 2 zikazimwa. Hatua hiyo ilipunguza tatizo bila kulimaliza.

Sokoni, petroli na ndegeni

Nje ya hospitali, kanuni ya umbali hutumika vilevile. Mizani ya kidijitali inayopimia viazi na maziwa hutegemea ishara ndogo sana za umeme, na kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya mizani hudai ijaribiwe dhidi ya mawimbi ya redio. Mizani duni huweza kuyumba simu iliyowekwa kandoni inapoita. Kwa mkulima, kilo zinazopotea ni fedha, hasa tangu kanuni za 2019 za zao la viazi zilipoweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Muuzaji na mnunuzi wakubaliane kwamba simu zikae mbali na mizani wakati wa kupima.

Katika vituo vya mafuta, mabango huonya dhidi ya simu. Uchunguzi wa mioto mingi iliyodaiwa kusababishwa na simu ulionyesha chanzo kingine, hasa umeme tuli unaojikusanya mwilini au katika mavazi. Hata hivyo, onyo hilo lina faida. Anayejaza mafuta huku akizungumza hukosa kuona yanayomwagika, na simu inayoanguka huweza kupasuka betri. Anayelipia kwa simu aondoke kwenye pampu kwanza, na mwendeshaji bodaboda azime injini.

Ndani ya ndege, abiria hutakiwa kuweka simu katika hali ya ndegeni ili isivuruge mawasiliano ya marubani. Mlio wa kukatakata unaosikika redioni nyumbani huweza kusikika pia katika vipokea sauti vya rubani anaposikiliza maelekezo ya kutua.

Marufuku pekee hayatoshi

Kuna watakaosema ni heri simu zipigwe marufuku hospitalini moja kwa moja. Hoja hiyo husahau kazi ambayo simu hufanya. Kwa simu hutafutwa watu wa kutoa damu, daktari wa zamu huitwa, mtaalamu aliye mbali hushauriwa na familia hupewa habari. Marufuku ya jumla pia huzaa ujanja. Simu iliyofichwa chini ya blanketi, karibu na nyaya za mgonjwa, ni hatari kuliko iliyo wazi mkononi mwa mtu aliyesimama ukumbini.

Kinachofaa ni mipaka iliyo wazi: sehemu za kuzima, sehemu za kukaa mbali kwa mita moja, na sehemu za kuzungumza kwa uhuru. Wahudumu wenyewe wawe mfano, kwa kuwa simu ya daktari haina mawimbi tofauti na ya mgeni. Walinzi nao waache redio zao za mawasiliano nje ya wadi. Kifaa kikilia au kubadilika ghafla, jambo la kwanza ni kusogeza simu zote mbali, na la pili ni kumwita muuguzi.

Mikono nayo isisahaulike. Simu hushikwa kila mahali, kuanzia garini hadi chooni, na huweza kubeba viini. Anayetoka kuishika na kumgusa mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kidonda anawe kwanza.

Kwa ufupi, mwenye simu hospitalini azingatie haya:

- Azime simu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, cha wagonjwa mahututi au cha watoto njiti.
- Katika wadi nyingine, aiweke umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwa mtambo wowote.
- Asiweke simu juu ya mashine, juu ya kitanda au kifuani mwa mgonjwa.
- Asichomoe waya wowote ili kuchaji.
- Mwenye kifaa cha moyo asiweke simu kifuani, na azingatie sentimita 15.
- Asiingie na simu katika chumba cha MRI, hata ikiwa imezimwa.
- Akiwa na shaka, amuulize muuguzi. Swali moja halimchoshi mtu, na jibu lake laweza kumwacha mgonjwa hai.